Vidonge alivyokosa dada ndivyo vilivyoifanya saratani iwe sugu?

Swali

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Nansio, Ukerewe. Dada yangu ana miaka 46. Miaka mitatu iliyopita alipatikana na saratani ya titi la kushoto. Alipewa dripu za kemo, akaondolewa titi, kisha akaandikiwa tamoksifeni ameze kila siku kwa miaka mitano. Mwaka jana kuna miezi kama mitano hakumeza: hela ilikata, na dawa yenyewe huku kisiwani ilikuwa haipatikani. Sasa mgongo unamuuma na picha imeonyesha ugonjwa umeingia kwenye mifupa. Aliyempima alisema saratani 'imekuwa sugu'. Nyumbani sasa ni lawama tupu. Shemeji anasema dada kajitakia kwa kuruka dawa, kama watu wa kifua kikuu. Mama anasema ni kisu, ugonjwa ukikatwa unasambaa. Wengine wanasema ni zile dripu. Ukweli ni upi? Na mimi niliyekuwa namsafisha kidonda na kula naye, siwezi kuipata hiyo sugu?"

Jibu

Mwambie shemeji yako, kwa heshima, kwamba ameokota somo la kweli akalipeleka mahali pasipolihusu. Sisi wa ukanda wa Ziwa tumekua na somo hilo. Tuliona malaria ikiishinda klorokwini mpaka ikaondolewa mwaka 2001, ikaja SP, nayo ikalegea, ikaja dawa mseto mwaka 2006. Kwenye kliniki za kifua kikuu na za ARV kila mgonjwa huambiwa kwamba akiruka dozi vijidudu vyake vitaizoea dawa, na atakayemwambukiza ataambukizwa vilivyokwisha kuizoea. Kwa vijidudu ni kweli. Saratani ya titi haina kijidudu cha kuhama. Ni seli za mwili wa dada yako mwenyewe zilizoacha kutii utaratibu wa mwili, na usugu wake huzaliwa, huishi na hufia ndani ya mwili huo mmoja. Kumsafisha kidonda, kula naye sahani moja au kulala naye kitanda kimoja hakukupi chochote. Lipo jambo linalokuhusu kama ndugu wa damu, lakini ni jingine kabisa na nitaligusa mbele.

Sasa lawama. Hapa nina jambo ambalo ningependa lisomwe na familia nzima: kwa maelezo uliyoniandikia, hakuna aliyethibitisha bado kwamba saratani ya dada ni sugu kwa tamoksifeni. Imerudi, hilo liko wazi. Imefika kwenye mifupa, nalo liko wazi. Lakini ili tuseme dawa imeshindwa, lazima dawa iwe ilikuwemo mwilini wakati saratani inakua. Muulize dada, kwa upole na shemeji akiwa hayupo: maumivu ya mgongo yalianza lini? Wakati anameza kila siku, wakati ameacha, au baada ya kuanza tena?

Wataalamu wana mipaka waliyokubaliana kuhusu dawa za homoni, kundi ambalo tamoksifeni imo. Saratani ikirudi ndani ya miaka miwili ya mwanzo huku mgonjwa anameza inavyotakiwa, huhesabiwa kuwa sugu tangu mwanzo. Ikirudi baada ya miaka miwili akiwa bado kwenye dawa, au ndani ya miezi 12 tangu amalize, huhesabiwa kwamba usugu umejengeka njiani. Mgonjwa aliyekaa miezi mitano bila dawa haingii vizuri kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili. Huenda seli zake zilianza kukua kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuzizuia, na zikirudishiwa kizuizi zitatulia. Huenda pia zilikuwa zimeanza kuishinda dawa kabla hajaiacha. Jibu la hapo ndilo linaloamua dawa atakayopewa kuanzia sasa.

Hapo ndipo wagonjwa wengi wanapojiumiza bila kujua. Mtu amekosa vidonge, anaogopa kugombezwa, anafika kliniki na kusema "nameza vizuri tu, daktari". Kwenye faili kinaandikwa kwamba saratani imekua akiwa kwenye tamoksifeni. Kuanzia siku hiyo dawa za kumeza nyumbani, nafuu kwa bei na kwa mwili, zinaweza kuwekwa kando, naye akarudishwa kwenye dripu ambazo pengine hakuzihitaji bado. Mgonjwa anayegombezwa hujifunza kuficha, na kwa maoni yangu kosa la hapo ni la anayegomba. Dada aseme ukweli wote: mwezi gani aliacha, mwezi gani alianza tena, na kama alikuwa anakigawa kidonge ili vifike mwisho wa mwezi, aseme na hilo.

Nisieleweke kwamba kuruka hakuna madhara. Siku mbili tatu za kusahau hazina shida, maana tamoksifeni haiishi haraka mwilini: nusu yake huchukua siku 5 hadi 7 kutoka, na endoksifeni, zao lake linalotengenezwa na ini ambalo ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi, nayo haiishi haraka. Miezi mitano ni habari nyingine. Kwa wanawake ambao saratani yao ina vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo ya kike, miaka mitano ya tamoksifeni hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Ni faida kubwa, na anayekosa dawa kwa muda mrefu anaipoteza kwa kiasi fulani. Lakini kupoteza kinga hakumaanishi ameitengeneza saratani iwe sugu. Shemeji ayatenganishe.

Na ziko sababu nyingine zinazoifanya dawa ionekane imeshindwa wakati haijapewa nafasi. Ukanda wetu una wavuvi na wachimbaji wengi, na kifua kikuu hakijatutoka. Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja tamoksifeni, mpaka kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno. Mama anayetibiwa kifua kikuu huku anameza tamoksifeni anaweza kuwa anameza kila asubuhi kwa uaminifu na asifaidike. Baadhi ya dawa za sonona, hasa paroksetini na fluoksetini, hufanya uharibifu kwa njia nyingine: huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa endoksifeni. Baadhi ya ARV nazo hugusa vimeng'enya hivyohivyo. Mitishamba siwezi kuisemea yote kwa mkupuo. Dada ataje tu anachotumia, hata kama anakijua kwa jina la Kikerewe au Kisukuma, na kama ana majani au unga wake aje nao.

Jingine ni kinyama kilichopimwa siku ya kwanza. Kipande kikishakatwa kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, kisha kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya 72. Kikiwekwa kwenye maji ya chumvi, au kikalazwa bila fomalini kusubiri meli ya kesho, vipokezi vinaweza kuharibika na maabara ikasoma "hakuna" mahali ambapo vilikuwepo. Mgonjwa wa namna hiyo hapewi dawa ya homoni kabisa, na saratani yake ikirudi watu watasema ni kali. Dada yako alipewa tamoksifeni, kwa hiyo nadhani vipokezi vilipimwa vikaonekana, lakini hakikisheni kwa macho yenu kwenye ripoti. Wapo wanaoandikiwa bila kupimwa.

Basi, usugu wa kweli nao upo, na ni sababu kubwa ya saratani ya titi iliyosambaa kuwa ngumu kuimaliza kabisa.

Uvimbe wa sentimita moja tu una seli mamia ya mamilioni, pengine kufikia bilioni. Kila seli inapojigawa hunakili DNA yake, na seti moja ya DNA ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Seli za saratani hunakili vibaya kuliko za kawaida, kwa hiyo uvimbe mmoja huwa na mchanganyiko wa seli zisizofanana. Kabla dada hajaonja dripu ya kwanza, kuna uwezekano kwamba ndani ya titi zilikuwemo seli chache ambazo dawa fulani isingeziweza. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwa bakteria kwamba mabadiliko yanayoleta ukinzani hutokea yenyewe, kabla ya kukutana na adui, na adui huja kuchagua tu nani abaki. Mwaka 1979 James Goldie na Andrew Coldman, huko Kanada, wakaipigia hesabu fikra hiyo upande wa saratani: kadiri uvimbe unavyokaa na kukua, ndivyo uwezekano wa kuwemo seli sugu unavyopanda. Mambo mawili hutokana na hapo. La kwanza, ndiyo maana dripu za dada hazikuwa za dawa moja; seli inayoiponyoka moja inategewa nyingine. La pili, kuchelewa kufika hospitali hujenga usugu hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa dawa. Ukanda huu, ambako mwanamke anaweza kukaa na uvimbe mwaka mzima akiambiwa ni jipu au ni maziwa yameganda, hilo la pili linatuumiza kuliko vidonge vya kuruka.

Seli hizo zinafanyaje hasa? Njia iliyofahamika mapema ni pampu. Mwaka 1976 Rudolph Juliano na Victor Ling, mjini Toronto, walieleza protini iliyo kwenye ukuta wa seli, ikaitwa P-glikoprotini. Doksorubisini, ile dripu nyekundu inayogeuza mkojo rangi, ikiingia ndani ya seli, protini hiyo huitoa nje. Paklitakseli, dripu nyingine ya kemo, vilevile. Ni kama mvuvi anayekumba maji mtumbwini kwa kopo: hazuii maji kuingia, anahakikisha tu hayafiki kiasi cha kumzamisha. Watafiti walihangaika miaka mingi kutafuta dawa ya kuiziba pampu hiyo, na matokeo kwa wagonjwa yalikatisha tamaa, kwa sababu tunayo sote kwenye utumbo, ini, figo na mishipa ya ubongo, ikitulinda na sumu. Ukiizima, dripu inaumiza mwili wote. Mpaka leo mtu asikuuzie "dawa ya kufungua seli sugu". Haipo.

Kwa tamoksifeni njia ni nyingine. Dawa hii hukalia kipokezi cha estrojeni ili homoni isipate pa kukaa. Seli inaweza kuacha kabisa kutengeneza kipokezi hicho na kujifunza kuishi bila estrojeni. Inaweza kufungua njia ya pembeni, mara nyingi kupitia kinasaba kiitwacho PIK3CA, ambacho hukutwa kimebadilika katika takriban asilimia 40 ya saratani zenye vipokezi vya homoni. Au kipokezi chenyewe kinabadilika umbo kikabaki kimewaka muda wote, kuna homoni au hakuna. Mabadiliko hayo ya mwisho, kwenye kinasaba cha ESR1, ni nadra sana kuyakuta kwenye uvimbe wa mwanzo, ila huonekana mara nyingi kwa wagonjwa waliokaa muda kwenye dawa za kupunguza estrojeni, kama anastrozoli na letrozoli, ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Huo ni usugu uliochaguliwa na dawa waziwazi. Na angalia: huwapata waliokuwa wakimeza vizuri.

Kuna seli nyingine ambazo sipendi kuziita sugu, ingawa zinatushinda vilevile. Zinalala. Seli imetoka kwenye titi, imefika kwenye uboho wa mfupa, imeacha kujigawa. Kemo nyingi huua seli inayojigawa, inayolala hupitwa. Inaweza kukaa miaka 5, 10, hata 20, kisha ikaamka. Saratani zenye vipokezi vya homoni ndizo zenye tabia hii sana. Zile zisizo na kipokezi chochote kati ya vile vitatu tunavyopima (estrojeni, projesteroni na HER2, protini inayoihimiza seli kukua) ambazo kwa wanawake wa Kiafrika ni nyingi kuliko kwa Wazungu, hazina subira hiyo: mara nyingi huitikia kemo vizuri mwanzoni, na zikirudi hurudi zaidi ndani ya miaka mitatu ya kwanza, tena zikipenda mapafu na ubongo.

Sasa pengine utauliza kama usugu ndio unaosambaza. Watu wengi huupanga mlolongo hivi: dawa ikashindwa, halafu saratani ikaanza safari. Mara nyingi safari ilianza zamani. Seli za titi kwa asili zimeshikana na jirani zake. Ili itoke, seli hulegeza mshikamano huo, hubadili umbo, hujipenyeza mpaka kwenye mshipa wa damu au wa limfu. Seli iliyopitia mabadiliko hayo mara nyingi huwa pia inajigawa taratibu, ina pampu nyingi na inavumilia kuharibiwa DNA yake. Yaani yaleyale yanayoiwezesha kusafiri ndiyo yanayoiwezesha kuikwepa dawa. Nyingi hufia njiani. Chache hufika, pengine hata kabla uvimbe haujagundulika kwa mkono. Dawa anayopewa mwanamke kabla au baada ya upasuaji, kemo au vidonge, inawinda hizo chache. Ikizikuta zinaitikia, inazimaliza au inazituliza. Ikizikuta sugu, zinabaki na muda mikononi, na kutoka hapo zilipotua huweza kutuma nyingine mbele.

Kwa nini mgongo? Mwaka 1889 daktari Mwingereza Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi akaona ugonjwa hauangukii popote tu. Ini na mifupa vilishambuliwa mno wakati viungo vingine vyenye damu nyingi, kama wengu, viliachwa. Leo tunajua sehemu ya sababu. Kwenye mfupa saratani haitafuni mfupa yenyewe. Huchochea seli za kawaida zinazobomoa mfupa wa zamani zifanye kazi kupita kiasi. Mfupa ukibomoka huachia viini vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, viini hivyo huilisha saratani, nayo huchochea ubomoaji zaidi. Mzunguko huo una dawa yake ya pembeni: asidi ya zoledroniki, dripu fupi ya kila wiki 4 au kila wiki 12, ambayo huwatuliza wabomoaji. Haigusi saratani sana, ila hupunguza mivunjiko na maumivu. Muulizieni kwa daktari, na dada akaguliwe meno kwanza, maana kung'oa jino akiwa kwenye dawa hiyo kunaweza kuleta kidonda cha taya kisichopona.

Ubongo una yake. Mishipa yake ina ukuta mgumu unaozuia vitu vingi vya damuni kupita. Trastuzumabu, dawa iliyowabadilishia maisha wenye HER2 tangu mwaka 1998, ni molekuli kubwa na huvuka kwa shida. Mgonjwa anaweza kuwa safi mwili mzima, na kichwani ugonjwa unakua. Seli za pale huenda hazina usugu wowote. Dawa haijazifikia.

Mama naye tumsikilize, kwa sababu ameona alichokiona. Ameona wanawake wamekwenda hospitali wanatembea, wamekatwa, na baada ya miezi michache wamerudi kuzikwa. Ila hakuona kilichokuwa tayari kwenye ini na mapafu siku ile wanapanda meli. Wengi wetu hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kisu kinakuta wasafiri wameshaondoka, halafu kinabeba lawama yao. Kumtoa dada titi hakukupeleka saratani mgongoni. Na ile sindano ya kuchukua kinyama haisambazi saratani ya titi kiasi cha kumfanya mtu aikatae. Kuikataa ndiko kunakomchelewesha.

Kuhusu dripu, nitakuwa mkweli kidogo zaidi ya kawaida. Zipo tafiti za panya zilizoonyesha kwamba kemo inaweza kuufanya mwili, wakati unajaribu kukarabati uharibifu, uzisaidie baadhi ya seli kuingia kwenye damu. Zimeandikwa sana na wanaouza mitishamba huzipenda. Lakini kwa wanawake wenyewe, walipofuatiliwa maelfu kwa maelfu kwa miaka mingi, waliopewa kemo pale ilipohitajika walirudiwa na saratani mara chache na walikufa wachache kuliko wasiopewa. Nikipima panya na wanawake, nawasikiliza wanawake. Kinachotokea kweli ni kwamba dripu huua seli zinazoitikia na kuziachia uwanja zile sugu. Bila dripu zote zingebaki, sugu na zisizo sugu.

Tuje kwenye la kufanya. La kwanza halisubiri kabisa. Mkiona miguu ya dada imelegea, au ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, au mkojo na choo vinakataa kutoka au vinatoka bila taarifa, ondokeni saa hiyohiyo. Msisubiri Jumatatu wala tarehe ya kliniki. Ni dalili kwamba mfupa umebana uti wa mgongo, na mgonjwa anayefika bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Akifika miguu imeshakufa, mara nyingi hairudi. Kwa maumivu ya kawaida ya mfupa, mionzi ya siku moja hutuliza sawasawa na mionzi ya siku nyingi, jambo la maana kwa mtu wa kisiwani anayehesabu nauli na malazi. Mionzi haihitaji safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, ina idara ya saratani na mionzi. Na mofini ya kunywa si dalili kwamba mtu amekatiwa tamaa. Ni dawa ya maumivu. Apewe.

La pili, ombeni saratani ya sasa ipimwe upya kama kuna mahali panapofikika kwa sindano. Tunaitibu kwa ripoti ya miaka mitatu iliyopita huku yenyewe imebadilika. Wagonjwa waliopimwa mara mbili, uvimbe wa kwanza na ule uliosambaa, karibu mmoja kati ya watano hukutwa kipokezi cha estrojeni kimebadilika, na karibu mmoja kati ya kumi HER2 imebadilika. Mfupa wenyewe ni mgumu kupima, kwa sababu maabara hulazimika kuulainisha kwa asidi na asidi huweza kuharibu vipokezi. Tezi ya kwapani au shingoni, ngozi ya kifuani, au ini kama lina doa, ni rahisi zaidi. Isipowezekana, isiwe sababu ya kusimamisha matibabu.

La tatu ni dawa yenyewe. Ikithibitika vipokezi vya estrojeni bado vipo na ini na mapafu vinafanya kazi vizuri, kwa kawaida hatuanzi na dripu tena. Tunaanza na homoni, kwa nguvu zaidi ya awali. Kwa mwanamke wa miaka 46 hiyo ina maana ya kuzimwa ovari kwanza, kwa sindano ya kila mwezi au kwa upasuaji mdogo wa kuziondoa, kisha anastrozoli au letrozoli juu yake. Upasuaji huo si jambo geni: George Beatson aliripoti manufaa yake mwaka 1896, kabla estrojeni yenyewe haijajulikana, na kwa familia isiyoweza kufuata sindano kila mwezi mimi huupendelea. Kuna kosa moja la kuliangalia hapa. Letrozoli au anastrozoli haifai kupewa peke yake mwanamke ambaye ovari zake zinafanya kazi, kwa sababu huzuia estrojeni inayotengenezwa nje ya ovari, na ovari hai huishinda. Wala kukatika kwa siku zake baada ya kemo si ushahidi kwamba ovari zimekufa. Kwa umri wa dada zinaweza kurudi kimyakimya. Dawa mpya za kundi la palbosiklibu na ribosiklibu, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2015, huongezwa juu ya hizo na huchelewesha usugu kwa muda mrefu, lakini bei yake ni ya kuuza shamba. Ulizeni bima inagharimia nini kabla hamjauza.

Wewe mwenyewe sasa. Mwenye dada aliyeugua saratani ya titi ana hatari takriban mara mbili ya mwenzake asiye na ndugu mgonjwa, na ikiwa wapo wengine kwenye ukoo walioumwa titi au ovari wakiwa vijana, mweleze daktari majina na umri wao. Unachoweza kurithi ni mwelekeo wa kupata ugonjwa. Usugu wa dada yako haurithiwi. Nenda ukapimwe matiti na mtaalamu mwaka huu, hata kama hujisikii kitu.

Mkija Mwanza, njooni na ripoti ya kinyama cha kwanza, siyo karatasi ya rufaa peke yake. Kama ilipotea, msikubali kuambiwa basi. Maabara ya patholojia huhifadhi kipande cha kila mgonjwa ndani ya nta kwa miaka mingi, na kikiwa bado kipo vipokezi vinaweza kusomwa upya bila dada kukatwa tena. Mtakachohitaji ni jina kama lilivyoandikwa siku ile, hata kama liliandikwa kwa kukosea, mwaka, na namba ya sampuli. Namba hiyo huenda iko kwenye risiti ya malipo ya kipimo, kwa hiyo anzeni kwa kutafuta risiti.